Shimo la mzabibu: mbinu ya Pantelleria kwa shamba kavu lenye upepo

Pantelleria ni kisiwa cha Italia kilichoko kati ya Sicily na Tunisia, na kwa umbali kiko karibu zaidi na Afrika kuliko na Sicily. Ni mlima wa volkano uliotokeza baharini. Mto hakuna, mvua ni ya msimu, na upepo huvuma karibu mwaka mzima. Hapo ndipo inapolimwa Zibibbo, zabibu nyeupe yenye harufu kali ya maua, ambayo Waitalia wa kwingine huiita Moscato d'Alessandria. Kwa desturi, wakulima wa pale hawaimwagilii.

Siri yao kubwa ni shimo. Ardhi husawazishwa kwanza, kisha kila mzabibu huchimbiwa kishimo cha kina cha sentimita 20 hivi, kipana, chenye kingo zinazoteremka taratibu kama sahani. Mche hukaa katikati, na kichwa cha shina hubaki chini ya usawa wa shamba. Hivyo upepo hupita juu, huku maji ya mvua na umande yakiteremka hadi mizizini. Anayejua mashimo ya Chololo, yaliyoanzia kijiji cha Chololo huko Dodoma, hatahitaji kushawishiwa kwamba shimo hukusanya maji.

Kosa linalotokea kirahisi ni kuchimba mara moja na kusahau. Udongo huporomoka, upepo huleta mchanga, na baada ya misimu michache shimo limejaa. Pantelleria hulifukua na kulitengeneza upya kila mara, kwa jembe la mkono. Chukua jembe dogo, vuta udongo kutoka shinani kuelekea kingoni, ng'oa magugu palepale, na angalia usikate mizizi ya juu. Kama udongo wako ni mfinyanzi unaotuamisha maji, mbinu hii iache. Udongo wa volkano wa kule hupitisha maji haraka. Mfinyanzi utakuozeshea mizizi.

Umbo la mmea nalo lina kazi yake. Hakuna nguzo wala waya. Shina huachwa fupi, na kwa kupogoa hutolewa matawi yanayofika 6, yakitawanyika pande zote. Majani hutambaa karibu na ardhi na kuvifunika vichala, visiunguzwe na jua. Mwaka 2014 UNESCO iliitia desturi hii katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika. Heshima hiyo inastahili, ila haipunguzi kuinama: kupogoa, kupalilia na kuvuna vyote ni kwa mkono. Mwenye eneo kubwa na vibarua wachache afikirie mara mbili.

Mkulima wa Dodoma azingatie jambo moja zaidi. Kule mzabibu hulala wakati wa baridi na hupogolewa kwa majira hayo, mavuno yakiwa ya mara moja kwa mwaka. Dodoma unaweza kuvuna mara mbili, na mvuno mmoja huangukia msimu wa mvua. Kichala kinachogusa ardhi yenye unyevu huoza. Kwa maoni yangu, shimo linafaa kuigwa, lakini shina liinuliwe juu zaidi ya lile la Pantelleria, au waya ubaki pale pale.

Zibibbo pia hushambuliwa upesi na ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu. Ukiona vumbi la kijivu kwenye majani machanga au punje changa, usingoje lienee. Salfa ya unga husaidia, ipigwe asubuhi mapema au jioni, kwa sababu penye joto kali huunguza majani.

Sasa divai. Passito di Pantelleria ni divai tamu, ya rangi ya kaharabu, yenye ladha ya asali, aprikoti na tini kavu. Sehemu ya zabibu huvunwa Agosti na kuanikwa juani kwa wiki 2 hadi 4. Vichala hupangwa safu moja, bila kurundikwa, hugeuzwa kwa mkono, na usiku hufunikwa ili umande usivipate. Takriban kilo 4 za zabibu mbichi hutoa kilo 1 ya zilizokauka. Baadaye huvunwa zabibu nyingine, na mchuzi wake (juisi iliyokamuliwa) ukianza kuchachuka, zile kavu, zilizotolewa vikonyo punje kwa punje, humiminwa ndani kidogo kidogo. Punje hizo hurudisha sukari na harufu yake kwenye mchuzi.

Ukitaka kujaribu kuanika, tumia mvuno wa kiangazi tu. Weka chanja juu ya ardhi, hewa ipite chini, tandika wavu safi, na ondoa kila punje iliyopasuka kabla ya kuanika: hiyo ndiyo huvuta nyuki na kuambukiza ukungu kichala kizima.