Kunja karatasi kwanza: ninavyotengeneza kipeperushi cha shule

Shule nyingi zinazonijia kutaka kipeperushi huja na vitu vinne: nembo, picha ya lango, dira na dhamira, na neno la mkuu wa shule lenye kurasa mbili. Navipokea vyote kwa adabu, naviweka pembeni, kisha natoa karatasi nyeupe ya A4 na kuikunja mbele yao mara mbili, iwe sehemu tatu zenye kurasa sita. Halafu nauliza: mzazi akikishika hiki, anatafuta nini?

Majibu hayatofautiani sana. Mnapokea watoto kuanzia umri gani? Ni kutwa au bweni? Usafiri upo? Darasa moja lina watoto wangapi? Ada hulipwaje? Nimpigie nani? Maswali hayo nayaandika kwa penseli kwenye ile karatasi iliyokunjwa, kila swali kwenye ukurasa wake, kabla sijagusa kompyuta. Ada yenyewe siichapi humo. Naichapa kwenye kikaratasi cha kuchomeka ndani, maana ada ikibadilika, mzigo mzima wa vipeperushi unakuwa takataka.

Sasa maneno. Nina kipimo kimoja: sentensi ambayo ukiweka jina la shule nyingine bado inafaa, ifutwe. "Tunatoa elimu bora katika mazingira tulivu" inafaa shule yoyote duniani, kwa hiyo inakwenda. Mwalimu mmoja aliyekuwa akiitetea sana nilimuuliza, hiyo elimu bora saa mbili asubuhi inafananaje? Akafikiri, akasema: "Kila mtoto wa darasa la pili anamsomea mwalimu kwa sauti, dakika kumi, kila siku." Nikamwambia hiyo ndiyo tunayochapa. Neno la mkuu lilibaki sentensi tatu, na alininunia wiki nzima.

Kwenye vipimo ndipo wanaoanza huumia. A4 iliyolala ina upana wa milimita 297, na wengi huigawa sawasawa, 99 kila ukurasa. Ule unaoingia ndani hukwama kwenye mkunjo na kujikunja pembeni. Upunguze kidogo: 100, 100 na 97. Upande wa nje, kutoka kushoto, panga hivi: ule mwembamba unaokunjiwa ndani, kisha wa nyuma, kisha jalada. Upande wa ndani mwembamba unahamia kulia. Ukichanganyikiwa, rudi kwenye karatasi yako ya penseli, ndiyo kazi yake.

Rangi au picha inayofika ukingoni izidi mstari wa kukatia kwa milimita 3, kwa sababu kisu cha mashine huyumba, na bila ziada hiyo utaona uzi mweupe pembeni. Maandishi nayo yakae ndani, angalau milimita 5 kutoka ukingoni. Herufi za maelezo zisishuke chini ya pointi 10. Babu na bibi nao huwatafutia wajukuu shule.

Kwa picha, acha lango. Piga mtoto akifanya kitu: ameinama juu ya hadubini, anabishana na mwenzake juu ya hesabu. Omba ridhaa ya mzazi kwa maandishi kabla ya kuchapa uso wa mtoto. Picha ziwe na nukta 300 kwa inchi. Yenye upana wa sentimita 10 inahitaji pikseli, yaani nukta hizo, 1,200 hivi. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida huwa imebanwa, basi mwambie mwalimu aitume kama dokumenti. Na ile bluu inayong'aa kwenye kioo cha kompyuta usiiamini, kwani wino kwenye karatasi hautoi mwanga kama kioo. Omba nakala ya majaribio kwenye karatasi ileile itakayotumika. Mimi hupenda ya gramu 150 kwa mita ya mraba: haionyeshi maandishi ya upande wa pili, na hukunjika bila kupasuka.

Mwisho ni kuhakiki, na hapa nakiri kosa langu. Niliwahi kupitisha kipeperushi ambacho tarakimu mbili za namba ya simu zilikuwa zimepishana. Nilikuwa nimekisoma mara tano. Tuligundua baada ya mzazi kufika shuleni akilalamika kwamba kila akipiga anapokea mzee mmoja mkali aliyechoka kuulizwa nafasi za darasa la kwanza. Mimi na karani tulikaa siku mbili tukibandika stika juu ya namba ile, kipeperushi baada ya kipeperushi.

Tangu hapo, kabla ya kusaini nakala ya mwisho, natoa simu na kupiga namba huku nikiisoma kwenye karatasi iliyochapwa, tarakimu kwa tarakimu. Akipokea karani wa shule, namwomba radhi kwamba nilikuwa najaribu tu, kisha nasaini.