Kuamua kati ya rangi mbili za chumba

Mtu aliyebaki na rangi mbili mara nyingi huwa amezipata kwenye kadi ya dukani, na tatizo huanzia hapo, kwa kuwa kipande kidogo kama stempu hakiwezi kuonyesha jinsi rangi itakavyokuwa ikishika kuta zote nne. Kuta hurudishiana mwanga na rangi ikakolea, hata krimu iliyotulia kwenye kadi ikageuka njano ya kukera.

Nunua kopo dogo la kila rangi, upake vipande viwili vya kadibodi nyeupe vya sentimita 60 kwa 60, kila kimoja mara mbili, ukiache ukingo mweupe pande zote. Kupaka majaribio ukutani moja kwa moja sikupendekezi, kwani rangi ya zamani inayoyazunguka hulipotosha jicho. Tena usihukumu kabla vipande havijakauka kabisa. Rangi mbichi haifanani na iliyokauka.

Vitazame kimoja baada ya kingine, visigusane. Rangi mbili zikikaa bega kwa bega, jicho huikuza tofauti iliyopo kati yake, na kijivu kilicho kando ya krimu huanza kuonekana kama buluu. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia utiaji rangi nyuzi katika kiwanda cha Gobelins mjini Paris, alilichunguza jambo hili baada ya malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zimefifia; akabaini kuwa nyuzi hazikuwa na kasoro, bali zilionekana hivyo kwa sababu ya rangi zilizopakana nazo. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1839.

Kisha vihamishe: karibu na dirisha, kwenye kona yenye giza, juu kidogo ya sakafu, asubuhi, adhuhuri na usiku taa zikiwa zimewashwa. Taa ya kelvini 2700 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga) huongeza unjano, ile ya 6500 huvuta kwenye ubuluu, kwa hiyo chumba cha kulala kinachotumika zaidi usiku kiamuliwe usiku, chini ya taa yake yenyewe. Kama ukuta una mabonde au viraka, chagua rangi isiyong'aa, maana mng'ao huyaanika yote.

Rangi zote mbili zikiwa bado sawa machoni baada ya siku tatu, mimi huchukua iliyo nyepesi, kwa sababu siku nitakapoichoka, kuifunika kwa rangi nyingine kutakuwa rahisi zaidi.