Somo: Kupata wazo kuu la kifungu kifupi

Salaam wanakikundi. Wiki hii nimesahihisha madaftari ya ufahamu, na mengi yamekwama mahali pamoja. Swali lilikuwa: "Eleza wazo kuu la kifungu." Majibu yakaja: "Mikoko." "Samaki." "Mazingira." Hakuna aliyeshindwa kusoma. Walisoma, wakaelewa, kisha wakataja jina la kitu badala ya kueleza mwandishi anasema nini kuhusu kitu hicho. Inaniuma, maana katika karatasi ya pili ya Kiswahili ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, ufahamu una alama 15 na ufupisho 15, yaani 30 kati ya 80, na kote huko asiyeona wazo kuu anapapasa tu.

Kifungu chenyewe ni hiki. Kisomeni mara moja, kalamu ikiwa mezani.

"Ukisimama ufuoni Tudor, Mombasa, maji yakiwa yametoka, utaona mizizi ya mikoko imetanda juu ya matope kama vidole. Katikati ya mizizi hiyo vitoto vya samaki na kamba hujificha wasiliwe na samaki wakubwa. Mawimbi yanapokuja, mizizi huyavunja nguvu, na udongo wa ufuoni haumomonyoki ovyo. Boriti zilizobeba dari za nyumba za kale za Waswahili zilikatwa katika mikoko. Lakini mikoko ikifyekwa bila mpango, mvuvi hukosa samaki na mwenye shamba la ufuoni hupoteza ardhi."

Hatua ya kwanza mmeshaimaliza: kusoma hadi mwisho bila kupiga mistari. Ukishika kalamu mapema, mkono hukimbilia maneno magumu na tarakimu, na wazo kuu mara nyingi haliko huko.

Hatua ya pili: kifungu kinahusu nini? Jibu kwa neno moja au mawili. Mikoko. Hiyo ni mada. Wengi wenu mliishia hapa.

Hatua ya tatu: mwandishi anasema nini kuhusu mikoko? Hapa jibu liwe sentensi kamili. Tafuta kitenzi ndani ya jibu lako. Kama hakipo, bado hujafika. "Umuhimu wa mikoko" umekaribia, ila hicho ni kichwa cha habari. "Mikoko huwafaa viumbe wa baharini na watu wa pwani, na kuifyeka ovyo huwaletea hasara." Sasa umefika.

Hatua ya nne ndiyo ninayoipenda zaidi, na nitakaa nayo kidogo. Anayenunua kofia ya mkono Mji wa Kale haichukui kwa kupenda nakshi tu, huivaa kwanza. Ikiwa ndogo hukaa utosini, ikiwa kubwa hushuka hadi machoni. Jibu lako nalo livishe kifungu, sentensi moja baada ya nyingine.

Tuseme umeandika: "Mikoko ni maficho ya vitoto vya samaki." Ivishe. Sentensi ya pili imeingia vizuri. Ya tatu, ya mawimbi? Imebaki nje. Ya boriti? Nje. Ya mwenye shamba? Nje. Kofia ni ndogo: umechukua hoja moja ukaiita wazo kuu. Sasa jaribu: "Mazingira ni muhimu." Sentensi zote zimeingia, lakini hata kifungu kuhusu takataka au msitu wa mlimani kingeingia humo. Kofia kubwa hiyo, imefunika mpaka macho. Rudi kwenye lile jibu letu. Samaki wameingia, mawimbi yameingia, boriti zimeingia kama faida kwa watu, na hasara ya mvuvi imeingia. Hata ile picha ya vidole imepata mahali, maana imetuonyesha mizizi inayofanya kazi hizo zote. Na hakuna kifungu kingine ambacho kingeweza kuivaa kofia hiyo bila kuirekebisha.

Hatua ya tano: angalia viunganishi. "Kwa mfano", "kama vile", "mathalani" hukuambia kwamba kinachofuata ni ushahidi, hoja yenyewe iko karibu. "Kwa hiyo" na "ndiyo maana" mara nyingi hukuelekeza kwenye kiini. Lakini ukikutana na "lakini" au "hata hivyo", simama kabisa. Katika kifungu chetu, aliyeipita "lakini" aliandika faida za mikoko peke yake, akaacha nusu ya maneno ya mwandishi.

Hatua ya sita: funika kifungu, andika kwa maneno yako.

Sasa, kuna vifungu ambavyo wazo kuu halikuandikwa popote, na hapo ndipo watu hukata tamaa. Tazameni hiki:

"Wareno walianza kujenga Fort Jesus mwaka 1593 ili kuilinda njia yao ya baharini. Baada ya kuizingira tangu 1696, Waomani waliiteka mwaka 1698. Waingereza nao wakaigeuza jela. Leo watoto wa shule huingia humo kwa mistari kutazama vyungu na mizinga, na tangu 2011 ngome hiyo imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO."

Miaka inavuta macho, sivyo? Wengi wataandika kwamba ngome ilijengwa na Wareno. Ivisheni kofia hiyo muone inavyobana. Jiulizeni badala yake: kila sentensi inafanya kazi gani inayofanana na ya jirani yake? Ya kwanza inataja mwenye ngome na kazi ya ngome. Ya pili inaleta mwenye mwingine. Ya tatu, mwenye mwingine na kazi nyingine. Ya nne, kazi nyingine tena. Basi wazo kuu ni hili: Fort Jesus imebadilisha wenyewe na matumizi kadiri zama zilivyobadilika. Mwandishi hakulisema, ila kila sentensi yake inalisema.

Maswali ya wanachama

Mzazi, Likoni: Mwalimu, salaam. Mwanangu yuko gredi ya 6. Yeye kila mara huchukua sentensi ya kwanza, basi. Nimfanyeje?

Jibu: Aleikum salaam, mamangu. Hajakosea sana, kwa sababu vitabu vingi vya watoto huweka wazo kuu mwanzoni, naye amezoea. Msaidie nje ya kitabu. Mkiwa kwenye feri na redio ya mtu inasoma habari, mwulize ikimalizika: "Wamesema nini?" Akijibu "Samaki", mwulize tena: "Samaki wamefanyaje?" Swali hilo la pili ndilo darasa lenyewe. Wiki mbili tatu za mazungumzo hayo zitamsaidia kuliko mazoezi hamsini yenye herufi za kuchagua.

Mwanafunzi wa kidato cha tatu: Tofauti ya wazo kuu na funzo ni ipi? Mimi huandika funzo nikakatwa alama.

Jibu: Wazo kuu ni maneno ya mwandishi ukiyafupisha. Funzo ni lile unaloondoka nalo wewe. Katika kifungu cha mikoko, "tupande mikoko" ni funzo zuri, lakini tafuta mahali mwandishi alipotuambia tupande. Hapapo. Ukiona jibu lako limeanza na "tu-", kama "tusikate" au "tutunze", lipime tena.

Mwanachama, Changamwe: Na maneno magumu je? Nikikutana na neno nisilolijua najisikia nimepotea kifungu kizima.

Jibu: Liruke mara ya kwanza. Tuseme hujui "boriti". Sentensi imekuambia zinabeba dari na zinatoka katika mikoko. Hayo yanatosha kujua ni faida nyingine ya mikoko, na kofia bado inaingia. Neno la kukusimamisha ni lile linalokuja na "lakini" au "si". Ukilikosa hilo unaweza kuandika kinyume cha alichosema mwandishi.

Mwalimu mwenzangu, Kisauni: Kifungu chenye aya tatu kina mawazo makuu matatu?

Jibu: Kila aya ina lake, mwalimu, na kifungu kizima kina moja linaloyabeba yote matatu. Mimi huwaambia wanafunzi waandike sentensi moja pembeni mwa kila aya kwa penseli, kisha wazivishe kofia sentensi hizo tatu peke yake, kifungu kikiwa kimefunikwa.