Jinsi ya Kuandaa Wasilisho la Mradi wa Mwaka wa Mwisho wa Sekondari

Hivi karibuni nimemsaidia mwanafunzi kuandaa wasilisho la mradi wake, na kwa kuwa maswali aliyoniuliza ndiyo wanayouliza wengi, naandika hatua zote hapa. Nachukulia kwamba ripoti yako imekwisha na umepewa kama dakika kumi za kuzungumza.

Hatua ya 1: Andika jibu lako kwa sentensi moja

Fanya hivi kwenye karatasi, kabla hujagusa kompyuta. Uliuliza nini, umepata nini? Kwa mfano: "Nilitaka kujua kama mbegu za maharage zilizolowekwa usiku kucha huota mapema kuliko zisizolowekwa, na ziliota mapema." Slaidi isiyoitumikia sentensi hiyo itoke, hata kama uliihangaikia. Inayouma zaidi kuikata ni historia ndefu ya mada. Ikate. Wasahihishaji wanaweza kuisoma kwenye ripoti. Mbele yao wanataka kuona kama unauelewa mradi wako.

Hatua ya 2: Tengeneza slaidi

Nane zinatosha. Kichwa kiwe kauli kamili: badala ya "Matokeo", andika "Mbegu zilizolowekwa ziliota mapema". Herufi zisiwe chini ya pointi 24. Jedwali la ripoti usilibandike. Chora grafu ya nguzo, mhimili wima uanzie sifuri. Ukianzia juu zaidi, tofauti ndogo itaonekana kubwa, na msahihishaji makini atakubana hapo hapo.

Hatua ya 3: Hakikisha faili linafunguka vizuri kwenye kompyuta isiyo yako

Hapa ndipo saa nyingi hupotea, kwa hiyo soma polepole.

Faili la PowerPoint linaweza kubadilika likifunguliwa kwenye mashine nyingine. Kama fonti uliyotumia haimo humo, kompyuta itaweka nyingine, mistari itavunjika na maneno yatamwagika nje ya visanduku. Likifunguliwa kwa LibreOffice (programu nyingine ya bure inayofungua mafaili ya PowerPoint), hata mpangilio wa picha unaweza kusogea. Dawa ninayoipendekeza kwa kila mtu ni PDF, aina ya faili ambalo mpangilio wake haubadiliki. Hifadhi nakala ya PDF na uwasilishe kwa hiyo. Kwenye Adobe Reader, Ctrl+L hujaza skrini nzima.

Lakini PDF ina masharti yake. Vitu vinavyojitokeza kimoja kimoja vitaonekana vyote kwa pamoja, na vilivyopandana vitafunikana. Kama kweli unahitaji hatua zitokee kwa zamu, gawa slaidi hiyo iwe mbili au tatu. (Mimi huwashauri wanafunzi waachane kabisa na madoido ya kuruka na kuzunguka, maana humfanya msikilizaji asubiri maneno badala ya kukusikiliza.) Video nayo usitarajie icheze ndani ya PDF: ibebe kama faili la pekee, uwe umeifungua tayari kabla ya kuanza.

Halafu kuna umbo la skrini. Tangu toleo la 2013, PowerPoint huanza na slaidi pana za 16:9 (upana kwa kimo), ilhali projekta nyingi za zamani ni 4:3. Slaidi pana ikitupwa kwenye projekta hiyo huacha mistari myeusi juu na chini, na maandishi yote hupungua. Uliza mapema ni projekta gani, kisha badilisha ukubwa wa slaidi kabla ya kuzipanga. Ukibadilisha mwishoni, utazipanga upya zote.

Weka faili kwenye flashi na kwenye barua pepe yako pia. Siku yenyewe, ukitumia Windows na ukuta ukabaki mtupu, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, uchague kurudufu skrini.

Hatua ya 4: Fanya mazoezi

Kwa sauti, umesimama, saa mbele yako. Lenga dakika tisa. Usikariri neno kwa neno isipokuwa sentensi ya kwanza na ya mwisho.

Hatua ya 5: Jiandae kwa maswali

Matatu huulizwa sana: kwa nini ulichagua njia hiyo, sampuli yako inatosha kweli, na ungebadilisha nini ukirudia. Hilo la tatu lijibu kwa kitu mahususi, kama vile "ningepima halijoto ya udongo kila siku". Takwimu ghafi ziweke kwenye slaidi ya ziada baada ya ile ya mwisho. Zikiulizwa, unabonyeza mara moja tu.