Umenyimwa mkopo na unataka kurudi pale pale? Fanya haya kwanza

Mpwa wangu anauza viungo Marikiti, Mombasa. Kabla ya Ramadhani aliomba shilingi 120,000 ajaze duka iliki na pilipili manga, benki ikamkatalia. Wiki ile ile akaomba tena, mara hii 150,000, na mapato ya mwezi akayapandisha. Wakamkatalia tena. Aliponipigia simu alikuwa ameshajaza fomu ya tatu. "Mjomba, safari hii nimeandika vizuri," akaniambia. Nikamsihi asiipeleke.

Nilikaa miaka tisa kwenye dawati la mikopo la sacco moja hapa mjini, na jambo ambalo waombaji wengi hawalijui ni kwamba fomu iliyokataliwa haitupwi. Siku ukirudi, afisa akiingiza nambari yako ya kitambulisho, ombi la zamani linatokea: tarehe, kiasi, mapato uliyoyataja, kodi ya nyumba, watu unaowalisha na sababu ya kunyimwa. Hata kama huna doa CRB, yaani kwenye kampuni zinazotunza rekodi za mikopo ya watu, kumbukumbu ya mkopeshaji mwenyewe inaweza kukuangusha. Kunyimwa mara moja watu wanakusamehe. Fomu mbili zisizosemezana ndizo zinazokumaliza.

Kwa hiyo, kwanza tulia. Mimi huwaambia watu wangoje miezi mitatu. Wakopeshaji wengi hutaka taarifa ya akaunti au ya M-Pesa ya miezi sita. Ukingoja mitatu, nusu ya watakachokisoma ni kipya. Ukirudi baada ya siku nne wanasoma mambo yale yale, na juu yake wanaona mtu aliyebanwa. Mikopo ya simu nayo ni hivyo hivyo: kubonyeza mara kumi usiku mmoja hakupandishi kikomo chako.

Pili, nenda ukaulize sababu, na uulize kwa barua. Ya mdomo utaambiwa "mfumo umekataa" na utarudi nyumbani mikono mitupu. Andika jina, tarehe ya ombi, kiasi, kisha maswali matatu: nimekataliwa kwa sababu gani, mmetumia ripoti ya CRB ipi, na mna taarifa gani zangu kwenye faili. Una haki ya kuuliza. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakuruhusu kuona taarifa zako na kudai zilizokosewa zirekebishwe. Uamuzi ukiwa umetolewa na mashine peke yake, unaweza kuomba mtu aupitie upya. Omba nakala za fomu zako za zamani pia. Maafisa hawazoei kuombwa hivyo, lakini omba kwa upole na usiondoke bila muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako.

Wakati unasubiri jibu, chukua ripoti ya CRB. Kenya kuna tatu, TransUnion, Metropol na Creditinfo, na unastahili ripoti moja kila mwaka bila malipo. Ombi lililokataliwa si deni, kwa hiyo haliwezi kukuorodhesha kama mtu asiyelipa. Ila ripoti huonyesha nani waliochungulia jina lako, na majina saba ndani ya mwezi mmoja yanasomeka vibaya. Ukikuta deni usilolijua, au ulilolilipa bado linasoma kuwa halijalipwa, peleka malalamiko na risiti kwa CRB yenyewe na kwa aliyekuorodhesha. Mkopeshaji alipaswa kukupa notisi ya siku 30 kabla ya kukuorodhesha. Muulize aliituma wapi. Na deni la kweli ukilimaliza leo, rekodi yake mbaya inakaa miaka mitano zaidi, ikionyesha kwamba limelipwa. Usimwamini anayekuuzia njia ya kuifuta.

Sasa kazi yenyewe. Kaa na fomu ya zamani mkono huu, mpya mkono huu, upitie mstari kwa mstari. Mpwa wangu fomu ya kwanza aliandika mapato 38,000, ya pili 70,000. Nilipomuuliza, zote mbili zilikuwa na ukweli ndani: 38,000 ni faida, 70,000 ni mauzo ya mwezi mzuri. Afisa atajuaje? Anaona mtu aliyeongeza 32,000 ndani ya siku sita. Tuliketi na daftari lake la mauzo jioni mbili, tukapata wastani wa miezi sita, tukatenganisha mauzo na faida. Kisha tukaandika barua ya nusu ukurasa ya kuambatanisha: "Katika ombi langu la pili niliandika mauzo mahali pa faida. Hesabu sahihi ni hii." Nimesoma mamia ya maombi, na barua za namna hiyo nazihesabu kwa vidole. Kila nilipoipata, nilimpigia mwombaji simu.

Angalia pia mambo madogo: jina la mwajiri, anwani, nambari ya simu, na mikopo mingine uliyo nayo. Watu huficha mikopo ya simu, na ndiyo inayoonekana upesi kuliko yote. Ilipe kabla ya kurudi. Mauzo yako yapitishe kwenye akaunti yako iliyoko kwa huyo mkopeshaji unayemwomba. Pesa inayolala kwenye kopo haimshawishi mtu. Kwenye sacco, ongeza akiba, na chunguza uliowadhamini: mwenzako akichelewa kulipa, faili yako ndiyo inayosoma hivyo.

Kama uliwahi kukubaliwa ukabadili nia, usinyamaze. Andika kwamba umeliondoa ombi na sababu yake, la sivyo faili inabaki na mtu aliyeitwa asije.

Punguza kiasi pia. Mpwa wangu aliomba 90,000, akaambatanisha daftari, bei za iliki kutoka kwa muuzaji wake wa jumla na ile barua. Afisa alimwuliza swali moja tu, kuhusu kodi ya kibanda. Pesa iliingia siku ya nane. Nakala ya fomu ile iko nyuma ya kaunta, kwenye faili ya plastiki, pamoja na zile mbili za mwanzo.