Jinsi ya kutunza jedwali la kambi za jeshi la Marekani bila kuharibu historia yake

Wiki iliyopita kijana wa dawati la habari za kimataifa alinijia na kompyuta mkononi. "Kaka, hii Fort Liberty iko wapi? Kwenye ramani siioni." Asingeiona. Jina hilo la kambi ya North Carolina liliondolewa mwaka 2025, na yeye alikuwa amelichukua kutoka makala ya mwaka uliotangulia. Tulikaa saa mbili tukisafisha jedwali lake. Haya ndiyo niliyomwonyesha.

Natumia kambi za Marekani kwa sababu ni nyingi, zimetapakaa kuanzia North Carolina hadi Manda kule Lamu, na nyaraka zake nyingi ziko wazi. Ukizimudu hizi, za Ufaransa na Uingereza hazitakushinda.

Hatua ya 1: Fungua jedwali

Excel au LibreOffice, zote sawa. Usianze na ramani. Najua ramani inapendeza, lakini haikupi nafasi ya kuandika kwamba kambi ilikuwa hapa hadi mwaka fulani, kisha ikakabidhiwa. Tengeneza jedwali kwanza, ramani utaichora kutoka humo.

Hatua ya 2: Kila eneo lipewe namba yake

Namba isiyo na maana yoyote: K001, K002, na kuendelea. Kamwe usitumie jina kama utambulisho. Na uhesabu maeneo, si "kambi" kwa jumla. Djibouti kuna Camp Lemonnier na kuna uwanja wa ndege wa Chabelley, ambako droni zilihamishiwa mwaka 2013. Hiyo ni mistari miwili, hata kama magazeti husema "kambi ya Djibouti".

Hatua ya 3: Nyumbani au ng'ambo

Ripoti ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani iitwayo Base Structure Report hugawa mafungu matatu: majimbo ya Marekani, maeneo yaliyo chini yake kama Guam, na nchi za nje. Fuata mgawanyo huo. Guantánamo iingie nchi za nje, kwa sababu ni ardhi ya Cuba iliyokodishwa tangu 1903.

Ongeza safu ya "mwenye eneo". Manda, Wamarekani wako ndani ya kambi ya Jeshi la Wanamaji la Kenya. Ukiandika "kambi ya Marekani" bila safu hiyo, umempotosha msomaji wa Lamu anayejua geti ni la nani. Na eneo likikosekana kwenye ripoti hiyo, usihitimishe kwamba halipo: maeneo madogo hujumlishwa pamoja bila kutajwa moja moja.

Hatua ya 4: Majina

Hapa niliwahi kupoteza siku nzima, kwa hiyo twende taratibu.

Mwaka 2023 Marekani ilibadilisha majina ya kambi 9 za jeshi la nchi kavu zilizoitwa kwa makamanda wa majimbo ya Kusini yaliyojitenga wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Fort Bragg ikawa Fort Liberty tarehe 2 Juni. Nikatumia "tafuta na ubadilishe" kwenye faili zima, nikaenda kunywa chai. Niliporudi, kila Fort Bragg ilikuwa imegeuka, hata kwenye vichwa vya nyaraka za zamani nilizozinukuu. Nikawa na hati ya 2010 inayotaja jina ambalo halikuwepo. Hata Fort Bragg ya California, mji wa raia ulioko pwani ya Pasifiki, niliokuwa nimeuandika kwenye maelezo ili watu wasiuchanganye na kambi, nao ukaitwa Fort Liberty. Nakala ya akiba sikuwa nayo. Nilirekebisha mstari mmoja mmoja kwa mkono hadi usiku.

Kisha Februari 2025 jina likarudi. Lakini lililorudi ni jina, mtu ni mwingine. Bragg wa kwanza alikuwa Braxton Bragg, jenerali wa Kusini. Wa sasa ni Roland L. Bragg, askari wa Vita vya Pili vya Dunia. Fort Benning vilevile: ilipewa jina la Fort Moore, ikarudi kuwa Benning, safari hii kwa heshima ya Fred G. Benning wa Vita vya Kwanza badala ya Henry L. Benning. Mwenye safu moja tu ya "jina" ataona Bragg ya 2022 na Bragg ya leo ni kitu kilekile, na karibu miaka miwili ya katikati itakuwa imefutika.

Kwa hiyo fungua karatasi ya pili ya majina peke yake. Kila jina mstari wake, namba ya eneo ikijirudia. Safu ni namba, jina, kuanzia, hadi, na aliyepewa heshima:

K014 | Camp Bragg | 1918 | 1922 | Braxton Bragg
K014 | Fort Bragg | 1922 | 2023-06-02 | Braxton Bragg
K014 | Fort Liberty | 2023-06-02 | 2025-02-10 | (neno, si mtu)
K014 | Fort Bragg | 2025-02-10 | | Roland L. Bragg

Tarehe 10 Februari ni siku Waziri wa Ulinzi aliposaini waraka. Ukichagua siku ya waraka, ishike kwa kambi zote. Usichanganye na siku ya sherehe.

Tarehe ziandike hivyohivyo, mwaka ukitangulia. Wamarekani huanza na mwezi: 6/2/2023 kwao ni tarehe 2 Juni, kwetu ni tarehe 6 Februari. 2/10/2025 itaingia kwako kama tarehe 2 Oktoba, na kompyuta haitakuonya kwa sababu zote ni tarehe halali.

Jina la zamani lisifutwe. Thule kule Greenland inaitwa Pituffik tangu Aprili 2023, lakini nyaraka za miaka mingi zinasema Thule, na mtu atalitafuta kwa jina hilo.

Hatua ya 5: Kufungwa

Safu moja ya "ilifungwa lini" haitoshi. Niger ilivunja makubaliano yake ya kijeshi na Marekani Machi 2024. Kambi ya Niamey ikakabidhiwa tarehe 7 Julai, ya Agadez tarehe 5 Agosti, na mwisho wa kuondoka ulipangwa tarehe 15 Septemba. Weka safu tatu: tangazo, makabidhiano, kuondoka.

Hatua ya 6: Mahali

Latitudo za kusini ya ikweta zina alama ya kutoa. Ukiisahau kwenye Manda, inahama kutoka pwani hadi Wajir kule bara, karibu na mpaka wa Somalia. Mahali pa jumla pa kambi panatosha. Mageti na zamu za walinzi siandiki.

Hatua ya 7: Ukaguzi

Safu mbili za mwisho: chanzo, na siku ya kuhakiki. Mstari ambao haujaguswa kwa miezi 12 naupaka njano. Jedwali la kijana yule lilikuwa na mistari 31 ya njano tulipomaliza, akaanza na za Djibouti.