Kabla hujaingia shifti ya usiku wodini, mwanafunzi wa uuguzi soma hii

Kama rota imetoka na jina lako liko usiku, panga haya mapema, usingoje kufundishwa na wodi.

Lala mchana. Sio kujinyoosha na simu, lala kabisa, funga pazia na uambie majirani wa ploti unaingia kazi usiku. Kula ushibe kabla ya kutoka na ubebe kingine, maana kantini nyingi hufungwa jioni na njaa ya saa tisa usiku inatetemesha mikono. Sweta ni lazima, mwezi wa saba Nairobi beba mbili. Saa yenye mshale wa sekunde pia, pumzi za mgonjwa zinahesabiwa dakika nzima, hazikisiwi. Na kama unatoka Rongai au Kayole, toka mapema, jamu ya jioni unaijua na mvua ikinyesha nauli inapanda hapo hapo, na ripoti ya kukabidhiana zamu haikungojei.

Sasa tuje kwa sindano, na hapa tafadhali usiruke hata mstari.

Mwenzetu mmoja wa darasa alikuwa wodi ya wanaume, saa kumi usiku hivi, saa ile macho yanajifunga yenyewe. Alikuwa anamsaidia sista kumwekea drip mzee aliyechanganyikiwa, mzee akavuta mkono kwa nguvu na sindano ikapita glavu ikaingia kwa kidole gumba. Damu ikatoka. Akakamua kidole, akavaa glavu nyingine, akanyamaza, eti ataitwa mzembe na ripoti yake ya plesmenti, yaani mafunzo ya wodini, iharibike. Niliona tu ameshika trei na haisogezi popote, nikamuuliza, akaanza kulia. Tukamwambia sista, naye hakugomba hata kidogo, alikimbia kabatini kutafuta dawa za PEP, zile za kuzuia virusi vya UKIMWI baada ya kudungwa, kabati limefungwa na ufunguo umeenda nyumbani na mtu wa mchana! Kasualti, kitengo cha dharura, wakatwambia tungoje kliniki ifunguliwe asubuhi. Mtoto wa watu alimeza dozi ya kwanza jua limeshawaka, halafu siku 28 za vidonge na kichefuchefu, na kupimwa na kurudia kupimwa, na juu ya hayo hakuwa amechanjwa homa ya ini aina ya B. Vipimo vilitoka salama lakini ile miezi ya kungoja ilimkondesha, tulikuwa tunamwona.

Kwa hivyo ukifika wodini, kabla hata ya kuweka begi chini, muulize inchaji, muuguzi msimamizi wa wodi: PEP za usiku ziko wapi na ufunguo uko na nani? Asikutishe akikushangaa, uliza. Ukidungwa, osha na sabuni na maji yanayotiririka, usikamue, usimwagie jik, sema saa hiyo hiyo. Mgonjwa ataombwa apimwe lakini wewe usikae ukingoja majibu yake ndio uanze dawa. Mwisho ni saa 72, lakini hiyo sio ruhusa ya kungoja, kila saa inayopita inapunguza nguvu ya hizo dawa. Na chanjo ya homa ya ini ni dozi tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza na ya tatu miezi sita baada ya hiyo ya kwanza, kwa hivyo huwezi kuiharakisha wiki ya plesmenti, ianze ukijiunga tu na chuo. Sanduku la kutupia sindano liwe karibu na kitanda kabla hujafungua sindano yenyewe, likijaa robo tatu libadilishwe, na usirudishe kifuniko kwa sindano iliyotumika, hata kama umeona wakubwa wakifanya.

Mengine ni ya kawaida lakini ndio huumiza watu. Usiandike presha ambayo hukupima. Usisaini dawa ambayo hukuona ikimezwa. Usitoe dawa peke yako kwa sababu sista ameshikwa na mgonjwa mwingine, mngoje. Mgonjwa akianza kuongezewa damu usiondoke karibu naye zile dakika 15 za kwanza. Wodi ikinyamaza sana, zunguka na tochi uangalie vifua vinapanda na kushuka. Asubuhi usitoke hospitalini kabla hakujapambazuka, na kwa matatu simu iwe ndani ya nguo, usingizi utakubeba na utaamka umepita steji yako. Viatu vya wodi viache nje ya mlango, hasa kama nyumbani kuna mtoto anayetambaa.